Kamati yetu ya MTAKUWWA kijijini: kesi "zinamalizwa kifamilia", na msimu wa kuhamia shamba ndio huu. Tufanyeje?

Mwalimu wa Bondeni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja bonde la Kilombero, upande wa kuelekea Mlimba. Niko pia kwenye kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile ya MTAKUWWA, yaani mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Sikuomba. Mkuu wa shule alitakiwa kupeleka jina la mwalimu mmoja, likaenda langu.

Kwenye makaratasi kamati yetu imekamilika. Mtendaji yumo, mwenyekiti yumo, shehe na katekista wamo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii yumo, na watoto wawili wa baraza la watoto ambao kikaoni hawafungui mdomo kwa sababu wamekalishwa mbele ya wazee. Tunakutana mtendaji akikumbuka. Ikifika Novemba 25 tunavaa fulana za siku 16 za kupinga ukatili, tunaandamana hadi uwanja wa shule, mgeni rasmi anahutubia, tunapewa soda, hadi mwakani.

Kilichonileta humu ni hiki. Kuna mwanafunzi wa darasa la sita aliacha kuja shule baada ya likizo fupi. Nikaenda kwao. Nikazungushwa wee, mwisho mjomba mtu akaniambia, "Mwalimu, hilo jambo tumeshalimaliza kifamilia, usituchokonolee." Kwa ufupi, mnunuzi mmoja wa mpunga amemwingilia mtoto kimwili, wazee wa pande mbili wamekaa chini ya mwembe, zimetoka pesa na magunia, na jamaa "amesafiri kikazi". Nilipolifikisha kwenye kamati nikajibiwa hakuna mlalamikaji, kwa hiyo hakuna kesi.

Jambo la pili ni msimu. Kwa wasiojua huku kwetu, mvua za Desemba zikianza watu wanahamia shamba. Mashamba ya mpunga yako mbali, mengine hayafikiki ila kwa mtumbwi maji yakijaa, kwa hiyo wazazi wanajenga vibanda na kukaa hukohuko hadi wavune Mei au Juni. Wadogo wanakwenda na mama. Wanaosoma wanabaki kijijini. Unakuta nyumba ina watoto wanne, mkubwa ana miaka 13, yeye ndiye baba, yeye ndiye mama. Wanapika, wanalala, wanaamka, hakuna mtu mzima. Kila mtu kijijini anazijua hizo nyumba, na wenye nia mbaya wanazijua vizuri zaidi. Nikihesabu watoto wa kike wanaoacha shule kwa mimba, wengi ni wa kipindi hicho.

Naomba mwenye uzoefu, siyo nadharia. Kesi wazee wakishaimaliza, kamati ina la kufanya? Na hizo nyumba za watoto watupu tunazilindaje bila senti moja ya bajeti?

Mzee wa Kijiweni

Pole mwalimu. Ila angalia usije ukajikuta unahamishwa kwa kimbelembele. Piga 116 kimyakimya, usitaje jina, ukalale zako.

Nesi wa Zamu ya Usiku

116 ni ushauri mzuri tu, ile simu ni ya bure na inapokea taarifa za watoto nchi nzima. Lakini mwalimu naomba uipelekee kamati yako kitu kimoja kutoka upande wetu wa hospitali: saa.

Dawa ya kumkinga aliyebakwa asipate VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ya kuzuia mimba inasaidia hadi siku ya 5, na nayo mapema ni bora. Sasa wengi ninaowapokea hawaji siku ile. Wanakuja wazee wakishashindwana bei. Mtoto analetwa wiki ya pili ili apatikane "ushahidi" wa kumtisha aliyekataa kuongeza pesa. Nimwangalie mama yake usoni nimwambie nini?

Kwa hiyo wafundisheni watu haya: mtoto asiogeshwe, nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye karatasi au bahasha, siyo mfuko wa nailoni maana zinaoza humo. Mwende hospitali moja kwa moja. Msikae kituoni kusubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wakati dawa inasubiriwa, fomu inaweza kufuata, tiba haiwezi. Kwenye hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono mtawakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, na mtoto anasimulia mara moja badala ya kusimulia kila dirisha.

Na msiwasahau wavulana. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Huyo mvulana ndiye hata kwa wazee hafikishwi.

Bibi Mpunga

Mwanangu mwalimu, marahaba, hata kama shikamoo hujaiandika.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, upande wa pili wa mto kutoka kwenu. Kabla ya hapo nilikuwa mweka hazina wa VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, na bado ni mkulima, kwa hiyo habari za kuhamia shamba usinisimulie, nimezaa nikiwa shamba. Nitaandika mengi, msiotaka kusoma ruka.

Kwanza hiyo ya "hakuna mlalamikaji". Aliyewajibu hivyo kwenye kamati ama hajui ama anajua sana. Kesi ya kumwingilia mtoto ni ya Jamhuri, siyo ya mjomba. Baba hawezi kuisamehe, mzee hawezi kuifuta, na baraza la kata halina mamlaka ya kuigusa. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa akatoe taarifa serikali ya mtaa. Yeyote, mwalimu. Wewe umeshakuwa na taarifa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ukaandikishe. Yale magunia hayakufuta kosa. Yanaweza hata kusaidia kuonyesha kwamba walijua kuna kosa. Na kama mtoto ana mimba, adhabu ya kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 tangu Sheria ya Elimu irekebishwe 2016.

Hapo hapo waambie wazazi jambo ambalo wengi huku bado hawalijui: tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Zamani familia zilificha mimba kwa sababu mtoto alikuwa anafukuzwa, kwa hiyo waliona bora wapate mahari au fidia kuliko kukosa vyote. Sababu hiyo imeondoka lakini tabia imebaki.

Sasa nikueleze kwa nini wanamalizana, maana semina zote nilizokaa wanasema ni "mila potofu" halafu tunaenda chakula cha mchana. Siyo mila. Kaa na mama wa mtoto upige naye hesabu. Hospitali ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Kutoa maelezo polisi, nauli. Mahakamani, nauli, na kesi ikiahirishwa, nauli tena. Yote hayo wakati wa palizi, na mpunga ukichanua ndege wanashuka. Ukiondoka siku mbili hakuna wa kuwafukuza. Upande wa pili kuna mtu anakuja na gunia la mchele, bahasha, na maneno ya "sisi ni ndugu". Huyo mama hajauza mtoto wake. Amepiga hesabu ileile ambayo mimi na wewe tungepiga tukiwa na njaa.

Kesi nyingi ninazozijua hazikufa kwa kukosa sheria. Zilikufa kwa sababu mtoto hakufika mahakamani. Na mtoto lazima afike, kwa sababu Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa hili hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Tangu sheria ya ushahidi irekebishwe 2016, mtoto mdogo anatoa ushahidi kwa kuahidi tu kwamba atasema ukweli na hatasema uongo, na hakimu akimwamini anaweza kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake. Ni mlango mpana kweli. Lakini asipokuwepo wa kuupita?

Kuna siku nilimsindikiza binti mmoja. Tulifika mapema, kesi zilikuwa nyingi, tukakaa kwenye benchi la nje. Benchi ni moja. Shangazi wa mshitakiwa akaja akakaa karibu naye kabisa, kwa upole, akamfungulia soda ya machungwa. Akamwuliza, "Mama yako hajambo? Wadogo zako hawajambo?" Hakusema jambo baya hata moja. Binti alikunywa ile soda yote. Alipoitwa ndani hakusema kitu, alitazama vidole vyake tu. Wakili wa serikali alijitahidi, hakimu alitoa watu nje, wapi. Ikaahirishwa. Safari iliyofuata tulikwenda akina mama watatu, tukamweka katikati, mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja amesimama mbele yao na khanga yake ameitanda kama pazia. Shangazi alikuja na soda yake akakuta ukuta. Binti alisema yote.

Basi sisi tulianzia hapo. VICOBA nyingi zina mfuko wa jamii, wa ugonjwa na misiba. Tukasema na hii ni msiba. Haikupita kirahisi, akina mama walinigomea: "Tuchangie kesi za watu wasiokuwa wanachama?" Nikawauliza, mtoto wa nani kati yenu halali peke yake Februari? Wakanyamaza, wengine kwa hasira. Mwishowe tulikubaliana kiasi kidogo kitengwe kwa nauli za kesi za watoto tu. Pesa hapewi mtu mkononi. Inalipwa bodaboda au basi, mweka hazina anaandika. Na anayesindikiza siyo lazima awe msomi. Anatakiwa awe na sauti na asiwe na undugu na mshitakiwa. Masika barabara ikikatika mtoto na mama yake wanatangulia siku moja kabla, wanalala kwa ndugu wa mwanachama mjini. Huwezi kukosa mtu mwenye ndugu Ifakara.

Shamba la huyo mama nalo tulilifikiria. Siku ya kesi vijana wawili wa kikundi wanalinda ndege zamu yake. Utacheka, lakini hilo lilisaidia kuliko mabango yote.

Kuhusu nyumba za watoto. Msisubiri watu wahame. Pita Novemba, nyumba kwa nyumba, na daftari, uwe na mwenyekiti wa kitongoji ili usionekane mpelelezi. Uliza nani anabaki, wameachiwa chakula gani, na mlango unafungwa na nini. Hilo la mwisho usiliache. Nimeona milango inayofungwa kwa kamba ya katani na vitoto vimelala ndani. Fundi seremala wetu aliweka makomeo ya ndani kwa mabaki ya mbao, misumari tulinunua sisi. Komeo ndani ya mlango linamfanya mtu apige kelele akitaka kuingia, na kelele ndiyo asiyoitaka.

Kisha kila nyumba ya namna hiyo ipewe mtu mzima wa jirani ambaye hahami. Wapo: bibi aliyezeeka, mwenye kidonda, mwenye genge, fundi cherehani. Mzazi mwenyewe amchague, msimchagulie, na amwachie kitu, hata debe la mpunga la kumshukuru. Kazi yake ni kupita jioni na kuwahesabu. Pale inapowezekana watoto wa nyumba mbili tatu walale kwa huyo bibi, wasichana chumba kimoja. Wewe mwalimu kazi yako ni mahudhurio: asiyeonekana siku mbili, jioni hiyohiyo bibi anaulizwa.

Njaa ndiyo inayofungua mlango, nisikufiche. Chakula walichoachiwa kinaisha mapema, ndipo anatokea wa chipsi, wa bodaboda, wa vocha. Shule ikiwa na uji wa mchana, hata wa kuchangiana, mtoto wa miaka 13 hana haja ya kumchekea mtu. Kama mna uwezo wa kupigania jambo moja tu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, piganieni uji.

Kuna watakaokwambia mtunge sheria ndogo ya kumpiga faini mzazi anayeacha watoto. Sisi tulijadili tukaitupa. Mzazi hakai shamba kwa starehe, na ukimtoza faini atawaficha watoto usiwajue kabisa, au atawatoa shule ahame nao.

Fulana vaeni, sina ugomvi nazo. Zinadumu sana shambani.

Dume la Mlimba

Bibi umeongea vizuri lakini mbona upande wa pili hausemwi? Wanaume tunabambikiwa kesi. Mtu ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake, anamfundisha mtoto maneno, unakula miaka 30. Hizo kamati zenu za akina mama zikishamwamulia mtu amekwisha.

Bibi Mpunga

Baba, hofu yako ina mashiko, na ndiyo maana nasema kamati isiwe polisi wala isiwe mahakama.

Mtoto akileta jambo, anayelipokea aandike siku, saa, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa lugha yake. Asimwulize maswali ya kumwelekeza. "Ni fulani, siyo?" Hapana. "Nani?" basi. Asiitwe ofisi ya kijiji kusimulia mbele ya mgambo na wajumbe, kila mmoja na swali lake. Mtoto akihojiwa mara nyingi maneno yanageuka, na wakili wa utetezi atayageuza zaidi. Na mtuhumiwa asiguswe. Nimeona kijiji kinampiga mtu halafu kesi ya kipigo inaimeza kesi ya mtoto.

Ukifanya hivyo asiye na hatia ana nafasi nzuri kuliko chini ya mwembe. Kule kwa wazee, baba, anayeshinda ni mwenye magunia. Wewe ukisingiziwa huna magunia utasaidiwa na nani?

Na tafadhali njoo kwenye kamati ya kwenu. Hatuna wanaume wa rika lako, tunao wazee na shehe tu. Kijiwe cha bodaboda hakinisikilizi mimi, kinakusikiliza wewe.

Dume la Mlimba

Haya bibi. Nimesikia.

Mama Kilifi

Salaam aleikum ndugu zetu wa huko bara. Mimi niko Kilifi, Kenya, ni muhudumu wa afya ya jamii. Nikisoma hapa nahisi mwaandika habari za kwetu. Huku pia mambo hupelekwa kwa mzee wa mtaa, na kule kaskazini mashariki wana kikao kinaitwa maslaha, wazee wa koo mbili huketi, mifugo hulipwa, msichana haulizwi.

Sheria yetu ya makosa ya kingono ya 2006 iliona hilo mbele. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ni wa mwanasheria mkuu wa serikali, na siku hizi kazi hiyo iko kwa mkurugenzi wa mashtaka. Si ya familia, si ya chifu, hata askari wa kituoni hana ruhusa. Mimi nilikitoa kopi kifungu hicho nikambandikia mzee wetu wa mtaa nyumbani kwake, na yeye sasa akiletewa kesi ya mtoto hukisoma kwa sauti, kwa maana hataki kufungwa. Yule mzee si mbaya, alikuwa tu hana la kujitetea mbele ya ukoo. Mpe mzee wenu karatasi ya kumlinda, mwalimu. Simu yetu ya kupiga ripoti ni 1195.

Na huyo kaka wa Mlimba asiachwe aende. Kampala, Uganda, walifanya mbinu iitwayo SASA!, ya shirika la Raising Voices. Hawakuleta wageni wa kuhutubia, waliwachukua wenyeji wa mtaa wenyewe, waume kwa wake, wakawa wanazungumza na majirani zao kwenye vibanda, sokoni, kwa vinyozi, miaka kadhaa. Utafiti ukalinganisha mitaa yenye mbinu ile na isiyo nayo, matokeo yakatoka 2014: wanawake waliopigwa na waume au wapenzi wao ndani ya mwaka uliopita walikuwa wachache kwa asilimia 52 pale ilipofanyika. Sisi huku tulijaribu namna yake kwa wavuvi, wanapotengeneza nyavu. Mvuvi hasomi bango, lakini nyavu zina mazungumzo marefu.

Mzee wa Kijiweni

Nafuta kauli yangu ya "ukalale zako". Bibi, hiyo habari ya soda imenikaa kooni.

Mwalimu wa Bondeni

Nawashukuru wote. Bibi shikamoo, sasa nimeiandika.

Nimeshapata mrejesho kidogo. Jana nimekwenda ustawi wa jamii nikaandikisha taarifa ya yule mwanafunzi, kwa jina langu. Afisa hakushangaa, alinijibu tu kwamba huyo mjomba ni wa nne ndani ya mwezi mmoja kusema "tumemaliza". Wamepanga kwenda na polisi kata. Mama wa mtoto nilimkuta kisimani, hakuniangalia, ila alipojitwisha ndoo aliniuliza kwa sauti ya chini kama hospitali bado wanaweza kumpima mtoto. Nimemwambia wanaweza, kinga ya VVU muda wake umepita lakini vipimo na matibabu mengine yapo, na kesho tunaondoka na basi la alfajiri. Nauli safari hii ni yangu, VICOBA nitawaingia wiki ijayo.

Daftari la nyumba nimeanza na kitongoji kimoja. Milango mibovu ni mingi kuliko nilivyodhani.

Nina swali moja limebaki. Mtendaji wetu ni shemeji wa mtu ambaye sitaki kumtaja humu. Kwa utaratibu kumbukumbu za kamati zinakaa ofisini kwake. Lile daftari la maneno ya watoto tulikabidhi?

Bibi Mpunga

Hapana. La nyumba na milango likae ofisini, hilo ni la wote na mtendaji alione, limwajibishe. La maneno ya mtoto halikai ofisini hata kama mtendaji ni malaika. Hakuna daftari kwa kweli, kila jambo ni karatasi yake peke yake, inaandikwa usiku uleule, inatiwa saini na tarehe, na asubuhi inakwenda mkononi kwa ustawi wa jamii au Dawati. Wewe unabaki na namba ya taarifa uliyopewa, basi. Usibaki na nakala nyumbani, una watoto wanaosoma na wageni wanaofungua makabati.

Kwenye kikao cha kamati taarifa inatolewa kwa idadi: mwezi huu yamepokelewa matukio fulani, yamefikishwa fulani, hili limefika mahakamani. Bila majina. Mtendaji akidai majina mwambie aombe kwa maandishi, na barua yake mpelekee afisa ustawi.

Kesho mkifika, mwambie mama achukue chakula cha kutosha na khanga ya ziada. Vipimo vinachukua siku nzima na kuna baridi mle ndani.